Kutoka Nairobi 1975: Chama cha Afrika cha Uhusiano wa Umma na Swali la Nani Atuwajibishe

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vyama vya kitaifa, maafisa uhusiano na maafisa habari mliotoka serikalini na katika mashirika, walimu wetu wa vyuo, na nyinyi wanafunzi mliojaa huko nyuma: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie historia ya chama chetu cha bara, Chama cha Uhusiano wa Umma cha Afrika. Ingewezekana kuisimulia kwa kutaja marais na miji ya mikutano, na tungemaliza mapema. Nimeona niisome kwa njia nyingine, kwa kushika swali moja na kulifuata tangu mwanzo hadi leo: afisa uhusiano wa Afrika akiudanganya umma, anajibu mbele ya nani? Naamini waliokaa Nairobi mwaka 1975 na kuanzisha shirikisho letu walikuwa na swali hili vichwani, hata kama hawakulitamka hivi. Na naamini kwamba mpaka leo tumelijibu nusu tu.

Nianze nyuma kidogo ya 1975, kwa sababu kazi hii hatukuirithi ikiwa safi.

Katika nchi nyingi za Kiafrika, ofisi ya kwanza kuitwa ofisi ya habari au ya uhusiano wa umma ilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni. Tanganyika ilikuwa na gazeti la Mambo Leo tangu 1923, likitolewa na idara ya elimu. Nairobi kukaanzishwa gazeti la Kiswahili la Baraza mwaka 1939, mwaka ule ule Vita Kuu ya Pili ilipoanza. Vita vilileta haja mpya: dola ilitaka askari, ilitaka mazao, ilitaka watu watulie. Amri peke yake haikutosha, ikabidi watu washawishiwe. Baada ya vita ofisi hizo hazikufungwa. Zilipanuliwa, zikapewa magari ya sinema yaliyozunguka vijijini yakionyesha picha za kilimo bora na usafi, na kati ya picha moja na nyingine mkaazi wa kijiji akaelezwa jinsi serikali inavyomjali. Kenya ilipotangaziwa hali ya hatari mwaka 1952, mashine hiyo hiyo ya habari ikageuzwa kuwa silaha dhidi ya Mau Mau.

Nasema haya kwa uzito. Wazee wetu waliokalia viti vile baada ya uhuru walijua vizuri kwamba wananchi wamezoea kusikia sauti ya ofisi ya habari kama sauti ya mtawala. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuifanya sauti hiyo iaminike, na vitendea kazi walivyokuwa navyo ni vile vile vya mtu aliyekuwa hataki kuulizwa.

Huko makampuni ya biashara nako mambo yalikuwa yanasogea. Nigeria, kampuni ya United Africa Company ilifungua idara yake ya uhusiano wa umma mwaka 1949, na katika Afrika ya Magharibi huo huhesabiwa kuwa mwanzo wa kazi hii nje ya serikali. Kwetu Afrika Mashariki wengi walianzia kwenye mashirika makubwa ya reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege, yale tuliyoyamiliki pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Afisa uhusiano wa siku zile mara nyingi alikuwa mwandishi wa habari aliyehama chumba cha habari. Asubuhi anapokea wageni, mchana anaandika hotuba ya mkurugenzi, jioni anapigiwa simu na mhariri. Hakuwa na chuo alichosomea kazi hiyo hasa. Hakuwa na leseni. Na akiamriwa na bosi wake aandike jambo lisilo kweli, hakuwa na mahali pa kushika.

Hapo ndipo vyama vilipoanza kuwa na maana. Afrika Kusini walianza mwaka 1957. Nigeria ikafuata 1963. Kenya na Ghana zote zilianzisha vyama vyao mwaka 1971. Uganda ilipata chama chake 1976, wakati wa utawala wa Idi Amin, na huwa nawaza sana juu ya ujasiri wa watu walioona kwamba huo ndio wakati wa kujipanga kitaaluma.

Nje ya bara letu wenzetu walikuwa wamekwisha kutangulia. Chama cha kimataifa cha uhusiano wa umma, kinachojulikana kama IPRA, kilianzishwa London mwaka 1955. Ulaya waliunda shirikisho lao 1959. Nchi za Amerika zikaunda lao mwaka 1960 huko Mexico City. Kisha Mei 1965, IPRA ikikutana Athens, ikapitisha kanuni za maadili zilizoandikwa na Mfaransa Lucien Matrat. Kanuni zile zilijengwa juu ya Azimio la Haki za Binadamu la 1948, na ndani yake kuna sharti ambalo kila mwanafunzi hapa angelishika kwa moyo: mtu wa uhusiano wa umma asiuweke ukweli chini ya matakwa mengine yoyote, wala asisambaze habari zisizotokana na mambo yaliyothibitika.

Hebu lifikirieni sharti hilo katika Afrika ya miaka ile. Bosi wako ni waziri, au ni mkurugenzi aliyeteuliwa na rais. Gazeti ni la serikali, redio ni ya serikali. Kanuni iliyoandikwa Athens inakutaka useme kweli, lakini Athens iko mbali. Anayeweza kukutetea ukikataa kusema uongo ni nani? Na akitokea mwenzako akakubali kuusema, wa kumkemea ni nani? Mtu mmoja hawezi. Chama kidogo cha kitaifa chenye wanachama wachache, wote waajiriwa wa serikali ile ile, nacho kinapata shida. Lakini chama cha bara zima, chenye wenzako wa Lagos, Accra, Lusaka na Nairobi, kinaweza angalau kupaza sauti ambayo si rahisi kuinyamazisha kama ya mtu aliye peke yake.

Ndiyo maana 1975 ni mwaka mkubwa. Mwaka huo Shirikisho la Vyama vya Uhusiano wa Umma vya Afrika, lile tuliloliita FAPRA, lilizinduliwa Nairobi. Lilikusudiwa kuwa mwavuli wa vyama vyote vya kitaifa barani.

Nairobi ilikuwa mahali panapofaa. Jumba la mikutano la Kenyatta lilikuwa limefunguliwa miaka miwili tu kabla. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilikuwa limeweka makao yake pale, mara ya kwanza kwa makao makuu ya aina hiyo kuwekwa katika nchi inayoendelea. Mabaraza ya dunia yalikuwa yameanza kuja Afrika, na Waafrika walikuwa wameanza kuwa wenyeji wa mazungumzo badala ya kuwa mada yake.

Na tuangalie kilichofuata. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa 1976, mkutano mkuu wa UNESCO ulifanyika hapo hapo Nairobi, na ubishi mkubwa ulikuwa juu ya habari: nani anaisimulia dunia habari za nchi zetu, na kwa nini habari zinasafiri kutoka kaskazini kuja kusini na hazirudi. Ubishi huo ulizaa tume ya UNESCO ya kuchunguza mawasiliano duniani, iliyoongozwa na Sean MacBride, iliyotoa ripoti yake 1980. Shirika la habari la Afrika, PANA, lililoundwa 1979, lilitokana na hewa hiyo hiyo. Kwa hiyo ninaposoma kuzaliwa kwa FAPRA, silioni kama tukio dogo la watu wa ofisi waliotaka kubadilishana kadi za majina. Naliona kama sehemu ya madai ya kizazi kile kwamba Afrika ijieleze yenyewe.

Lakini kuna upande wa pili wa miaka hiyo ambao tunapenda kuuruka, na mimi sitauruka. Wakati wenzetu wakijipanga Nairobi, serikali ya ubaguzi wa rangi Pretoria ilikuwa inaendesha kwa siri mpango mkubwa wa kununua maoni ya dunia. Idara yake ya habari, chini ya waziri Connie Mulder na katibu wake Eschel Rhoodie, ilitumia takriban randi milioni 64 za umma kwa miradi ya kificho: kuanzisha gazeti ndani ya nchi, kujaribu kununua magazeti nje, kulipia watu waiseme vizuri serikali ile. Waandishi wa habari wa Afrika Kusini waliufichua mpango huo, Mulder akaanguka, na mwaka 1979 John Vorster aliyekuwa waziri mkuu wakati mipango ikifanyika akajiuzulu urais.

Huo ulikuwa uhusiano wa umma pia. Ulikuwa na bajeti, ulikuwa na mikakati, ulikuwa na wataalamu. Kilichokosekana ni mtu wa kuuwajibisha kutoka ndani ya taaluma. Waliouangusha ni waandishi na majaji. Naomba mlikumbuke jambo hili, nitalirudia nikifika 2017.

Shirikisho lilizaliwa katika matumaini, lakini likakulia katika miaka migumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mashirika yale ya pamoja yakagawanywa, kila nchi ikachukua kipande chake. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Afisa uhusiano wa Arusha na mwenzake wa Nairobi, ambao jana walikuwa wanafanya kazi katika shirika moja, wakawa watu wa nchi mbili zisizosalimiana. Utaaluma wa bara unajengwaje katika hali hiyo? Unajengwa kwa barua, kwa watu wachache wenye subira, na kwa mikutano ambayo wengi walishindwa kuhudhuria. Kisha ikaja miaka ya 1980, na marekebisho ya uchumi yaliyobana bajeti za mashirika ya umma. Meneja akiambiwa apunguze matumizi, safari ya afisa uhusiano kwenda mkutanoni nje ya nchi ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kufutwa.

Miaka ya 1990 ilibadilisha kazi yenyewe. Kenya ilirudi kwenye vyama vingi mwishoni mwa 1991, Tanzania 1992. Magazeti binafsi yakafumuka, redio na televisheni binafsi zikafuata. Afisa uhusiano aliyezoea kupeleka taarifa kwa mhariri mmoja anayemjua sasa anakutana na wahariri ishirini, na nusu yao wanataka kujua kile ambacho taarifa imekificha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo taaluma yetu ilipoanza kweli katika eneo hili. Kabla ya hapo tulikuwa na watangazaji wa ofisi. Mtu huwi mtaalamu wa kujenga imani kabla hujafanya kazi mbele ya watu wenye uhuru wa kukukatalia.

Nigeria nao wakapiga hatua ambayo hakuna aliyekuwa ameipiga barani. Mwaka 1990 chama chao kilipewa nguvu ya sheria, kwa Amri namba 16 ya mwaka huo. Tangu hapo Nigeria uhusiano wa umma ni kazi inayosimamiwa kisheria, yenye usajili na yenye uwezo wa kumwadhibu anayekiuka. Amri hiyo ilitoka kwa serikali ya kijeshi, na jambo hilo halipaswi kusahauliwa. Lakini ilibaki baada ya wanajeshi kuondoka.

Sasa tufike 2008. Mwaka huo FAPRA iligeuka kuwa APRA, yaani Chama cha Uhusiano wa Umma cha Afrika, chenye ofisi yake ya katibu mkuu nchini Nigeria. Kwa mtu wa nje yalionekana mabadiliko ya jina. Kwa ndani yalikuwa mabadiliko ya muundo, na nitaeleza kwa nini yana uzito.

Shirikisho la vyama huwa na mlango mmoja tu, nao ni chama cha kitaifa. Nchi yenye chama imara, watu wake wanaingia. Nchi ambayo chama chake kimelala, au haina chama kabisa, mtaalamu wake anabaki nje hata awe hodari namna gani. Na nchi za namna hiyo zilikuwa nyingi. Chama, tofauti na shirikisho, kinaweza kumpokea mtu mmoja mmoja, kinaweza kupokea kampuni, na bado kikaendelea kuwa mwavuli wa vyama vya kitaifa. Hayo ndiyo yaliyofanyika. Na kuna faida nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kuongeza wanachama: mtu akijiunga mwenyewe, ametia saini mwenyewe. Kanuni za maadili zinamfunga yeye, hazipitii kwa katibu wa chama chake nyumbani.

Tangu hapo chama kimekuwa na hadhi ya mwangalizi katika Umoja wa Afrika. Kimeongozwa na watu kama Peter Mutie wa Kenya, Yomi Badejo-Okusanya wa Nigeria, na baada yake Arik Karani wa Kenya. Mikutano yake imezunguka bara: Marrakech 2017, Gaborone 2018, Kigali 2019, na baada ya dhoruba ya korona, Dar es Salaam 2022. Mzunguko huo una maana kuliko orodha inavyoonyesha. Mkutano ukienda Marrakech, wazungumzaji wa Kiarabu na Kifaransa wanaingia. Ukienda Dar es Salaam, vijana wa hapa wanaona kwa macho yao kwamba kazi yao ina bara zima nyuma yake.

Basi nirudi kwenye swali langu, na ninarudi kupitia Afrika Kusini.

Mwaka 2017 dunia ilisikia kuhusu kampuni ya uhusiano wa umma ya London iliyoitwa Bell Pottinger. Ilikuwa inafanya kazi kwa kampuni ya Oakbay, ya familia ya Gupta, waliokuwa karibu sana na rais Jacob Zuma. Kampeni iliyobuniwa ilichochea hasira za rangi katika nchi iliyokuwa bado inauguza majeraha ya ubaguzi, kwa lengo la kugeuza macho ya watu yasiwatazame wateja wale. Waandishi wa Afrika Kusini walifukua ukweli. Chama cha upinzani cha Democratic Alliance kikapeleka malalamiko. Kilipeleka wapi? London, kwa chama cha Uingereza cha uhusiano wa umma na mawasiliano, PRCA, ambako kampuni ile ilikuwa mwanachama. Septemba 2017 PRCA ikaifukuza kwa muda usiopungua miaka mitano, na ndani ya mwezi huo huo kampuni ikaanguka.

Wengi waliishangilia hukumu ile, na mimi ninaiheshimu. Ilionyesha kwamba chama cha kitaaluma, bila polisi wala mahakama, kinaweza kumwangusha jitu. Wateja walikimbia, wafanyakazi walikimbia, kwa sababu tu wenzao katika taaluma walisema hadharani: huyu si mwenzetu.

Lakini tulitazame jambo lenyewe tena. Walioumizwa ni Waafrika. Ushahidi uliibuliwa na Waafrika. Mlalamikaji ni Mwafrika. Hukumu ikasomwa London, kwa kanuni za London. Miaka arobaini na miwili baada ya Nairobi, hatukuwa na meza yetu ambayo kesi kama ile ingeweza kuletwa na uamuzi wake ukatetemesha watu. Simlaumu kiongozi yeyote kwa hilo. Kampuni ilikuwa ya Uingereza na hakuna mwanachama wetu ambaye tungemfukuza. Ninachosema ni kwamba siku itakapotokea kampuni ya kwetu, yenye ofisi Nairobi, mteja Kampala na timu ya mitandao Johannesburg, ikafanya yale yale, lazima tuwe tayari. Na siku hiyo si ya kufikirika. Kazi zetu zimekwisha kuvuka mipaka, ila mamlaka ya kinidhamu ya vyama vyetu bado yanaishia forodhani.

Najua wapo watakaosema dawa ni sheria: kila nchi ifanye kama Nigeria. Zambia wamefanya hivyo, Bunge lao lilipitisha sheria ya taaluma yetu mwaka 2022. Kenya jambo hili limezungumzwa kwa miaka. Mimi naunga mkono sheria, ila kwa sharti, na sharti hili nimelifikiria kwa muda mrefu.

Sheria inaweza kufanya mambo mawili yaliyo tofauti kabisa. Inaweza kuipa taaluma uwezo wa kujisafisha. Au inaweza kuipa serikali ufunguo wa kuamua nani aseme. Tunazo taaluma jirani za kujifunza kutoka kwao. Waandishi wa habari Tanzania waliwekewa bodi ya ithibati na sheria ya huduma za vyombo vya habari ya 2016, na mjadala kuhusu nani aitawale bodi ya namna hiyo bado ni mkali. Kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mwajiri mkubwa wa maafisa uhusiano katika nchi nyingi ni serikali yenyewe. Kama serikali ndiyo inayokuajiri, ndiyo inayokusajili, na ndiyo inayokufuta, basi siku unapoambiwa utangaze takwimu za uongo kuhusu ugonjwa au ajali, utakataa ukiwa umeegemea nini?

Kwa hiyo sheria ije, lakini baraza la nidhamu lichaguliwe na wanataaluma, liwe na wajumbe kutoka kwa wananchi wa kawaida wasio wa taaluma, na maamuzi yake yachapishwe kwa jina na kwa sababu. Hili la kuchapisha ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Chama kinachoadhibu kwa siri hakimfundishi mtu, na umma hauwezi kukiamini. Ukitaka kujua kama chama kiko hai, usihesabu tuzo kilizotoa. Uliza lini mara ya mwisho kilimkemea mwanachama wake mkubwa hadharani.

Na chama cha bara kiwe na chumba cha rufaa. Haiwezekani chama cha nchi ndogo, ambamo kila mtu anamjua kila mtu, kikahukumu kwa uhuru kampuni inayowaajiri nusu ya wajumbe wake. Kesi kama hiyo ipande juu, isikilizwe na watu watatu kutoka nchi nyingine. Majaji wa kikanda tunao, Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha. Wazo hili si geni kwetu.

Kuna mtu atasema hatuna cha kuchangia duniani kuhusu maadili, tunaiga tu. Hilo silikubali hata kidogo. Mwaka 2009 Afrika Kusini ilitoa ripoti ya tatu ya utawala wa makampuni chini ya jaji Mervyn King, na ndani yake mahusiano na wadau yalipewa sura nzima, kwa maana kwamba bodi ya wakurugenzi inawajibika kuyasimamia kama inavyosimamia fedha. Mwaka uliofuata, vyama vya uhusiano wa umma duniani vilipokutana Stockholm kuandika maazimio yao, fikra hiyo ilikuwa mezani. Wazo lilitoka Afrika likaenda Ulaya. Tuwaambie wanafunzi wetu habari hii, maana vitabu vingi wanavyosoma vinaanza na kuishia Marekani.

Niseme na lugha. Mikutano yetu, kanuni zetu, tovuti na mitihani yetu, karibu vyote viko kwa Kiingereza, na kidogo Kifaransa. Februari 2022 Umoja wa Afrika uliikubali lugha ya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Chama chetu, kilichozaliwa katika mji unaozungumza Kiswahili, kingepaswa kuwa cha kwanza kuitikia. Sisemi haya kwa ajili ya fahari. Nasema kwa sababu mlalamikaji wa kesho anaweza kuwa mama wa kijijini aliyeambiwa na kampuni ya mgodi kwamba maji yake ni salama wakati si salama. Kama kanuni zinazomlinda zimeandikwa kwa lugha asiyoisoma, na fomu ya malalamiko iko kwa lugha hiyo hiyo, basi kwake kanuni hizo hazipo. Kuzitafsiri ni kazi ya wiki chache. Walimu wa vyuo mlioko hapa mnaweza kuianza muhula huu na wanafunzi wenu.

Jambo langu la mwisho ni kumbukumbu, na hili nawaomba kwa heshima zote. Nyaraka za 1975, mihutasari ya vikao, barua zilizozunguka kati ya Nairobi, Lagos na Accra, picha, kadi za wanachama wa kwanza, nyingi bado zimo majumbani kwa watu binafsi. Waliokuwa vijana wa miaka thelathini wakati ule leo wamepita themanini. Baadhi wametutoka, na makaratasi yao watoto wao hawajui ni ya nini. Sisi ambao kazi yetu ni kutunza sifa na kumbukumbu za mashirika ya watu wengine tumekuwa wazito sana kutunza za kwetu.

Naomba vyama vya kitaifa viteue kila kimoja mtu wa kazi hii. Aende na kinasa sauti kwa wazee, akae nao, awaulize nani alikuwepo Nairobi, walibishana nini, walikubaliana nini kuhusu maadili na walishindwa kukubaliana nini. Nakala za karatasi zipelekwe hifadhi za taifa. Kwa Kenya ni pale Nyaraka za Taifa, barabara ya Moi, Nairobi, hatua chache kutoka katikati ya mji. Kila nchi ina yake. Zisifichwe katika kabati la katibu anayebadilika kila baada ya miaka miwili. Na kama katika mihutasari hiyo kutapatikana kesi za nidhamu zilizoletwa zikazimwa, zihifadhiwe vile vile pamoja na zile za kujivunia, kwa sababu baraza la nidhamu tutakaloliunda litahitaji kujua wapi wale wa kwanza walikwama.

Wenye nyaraka hizo, au wanaomjua mwenye nazo, tafadhali andikeni majina yenu kwenye daftari lililo mlangoni kabla hamjatoka. Asanteni kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kwa maswali.